Minara ya Mani na Jicho la Msafiri

Kusafiri ni kuona, na kuona ni mwanzo wa kuhukumu. Mtu apitaye katika nchi isiyo yake hana muda wa kuyachunguza yote ayakutayo. Huyapima kwa jicho, na jicho lina haraka. Likipendezwa husifu, likichukizwa hulaumu, kisha huendelea na njia yake. Lakini ziko nchi ambazo hukumu ya jicho haizitoshi, kwa sababu uzuri na uovu havikukaa mbalimbali ndani yake, bali vilijengwa kwa jiwe moja na mkono mmoja. Katika nchi za namna hiyo msafiri hukabiliwa na swali la zamani ambalo halijapata kuzeeka: Je, ni halali mtu kuufurahia uzuri wa kitu kilichozaliwa na chuki? Na ikiwa ni halali, ni kwa sharti gani?

Wako wanaolijibu swali hili kabla ya kulisikia vyema. Wa kwanza hushika methali isemayo kuwa yaliyopita si ndwele. Uzuri ni uzuri, na damu iliyokwisha kukauka haimhusu mpita njia. Wa pili husema kwamba kila jiwe lililoinuliwa kwa uadui ni haramu kwa jicho, na kulisifu ni kushiriki dhambi ya aliyeliinua. Jibu la wa kwanza lina wepesi wa mtu asiyejali, na la wa pili lina wepesi wa mtu asiyetaka kuona. Swali lenyewe lastahili kupelekwa mahali palipo na uzito sawa na wake, na katika Ulaya ni mahali pachache pafaapo kwa kazi hiyo kuliko Mani.

Kusini mwa Ugiriki, nchi ambayo vitabu vya zamani viliiita Uyunani, Peloponnesos huingia baharini kwa vidole vitatu, na kidole cha kati ni Mani. Uti wa mgongo wake ni safu ya milima ya Taygetos, ambayo kilele chake kirefu kimepita mita 2,400. Kwa magharibi iko Ghuba ya Messenia, kwa mashariki Ghuba ya Lakonia. Njia itokayo mji wa Kalamata hushika kusini, ikipanda na kushuka baina ya mlima na bahari, na kadiri iendeleavyo ndivyo ardhi ipungukiwavyo na huruma. Kwanza iko mizeituni mingi na miberoshi mirefu. Kisha mizeituni huwa mifupi, udongo huwa haba, na mawe huwa mengi hata kuta za mashamba, zilizojengwa kwa mawe yaliyookotwa humo humo, hazikuyamaliza. Maji ya mvua yalikusanywa katika birika, maana chemchemi zilikuwa chache. Nchi ya namna hii huwafunza wenyeji wake kwamba kila kipande cha udongo kina mwenyewe, na kwamba mwenyewe asiyeweza kukilinda si mwenyewe.

Mji wa kwanza wenye sifa katika njia hiyo ni Kardamyli. Jina lake limo katika utenzi wa Homer juu ya vita vya Troya: ni mmojawapo wa miji saba ambayo mfalme Agamemnon aliahidi kumpa Achilles ili hasira yake ipoe. Achilles aliikataa fidia ile. Katika mazungumzo yayo hayo Ajax alimkumbusha kwamba wako watu waliouawa ndugu zao au wana wao, nao wakapokea malipo, na mwuaji akaendelea kuishi katika nchi yake. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kufasiriwa jambo hili. Lugha yake inalo neno dia, na neno lenyewe lashuhudia kwamba watu wa pwani mbili zilizo mbali walilitafuta jibu moja kwa tatizo moja: damu iliyomwagika isidai damu nyingine bila ya kikomo. Si jambo dogo kwamba mji huu uliingia katika fasihi ya dunia kama sehemu ya suluhu iliyokataliwa.

Kusini zaidi, kupita mji wa Areopoli, ndiko Mani ya Ndani, na huko minara ndiyo itwaayo macho. Ni majengo ya mawe yenye pembe nne, membamba na marefu, ya ghorofa tatu, nne au hata tano, yenye madirisha madogo ya kupenyeza mtutu wa bunduki. Mingi katika isimamayo leo ilijengwa katika karne ya 18 na ya 19. Kwa mbali kijiji kizima huonekana kama kwamba mlima wenyewe umeota vidole. Jioni, jua linapozama katika bahari ya magharibi na mawe yakageuka kuwa na rangi ya asali, hakuna mtu mwenye macho ambaye haguswi moyo.

Lakini urefu ule una sababu yake. Mnara haukusudiwa kumzuia adui wa ng'ambo peke yake. Ulikusudiwa kumpiga jirani. Mwenye mnara mrefu aliweza kulilenga paa la mwenye mnara mfupi, na kwa hiyo kila ghorofa iliyoongezwa upande mmoja ilikuwa jibu la ghorofa ya upande wa pili. Haki ya kujenga mnara ilikuwa ya koo zenye nguvu. Wanyonge walikaa katika nyumba za chini na kuchagua mlinzi. Ukoo ulihesabu nguvu zake kwa wanaume wake, na mtoto wa kiume alipozaliwa aliitwa bunduki. Hapa ndipo swali la msafiri lipatapo makali. Haitoshi kusema kwamba jambo baya lilitendeka katika mahali pazuri, kama vile wizi unavyoweza kutendeka katika bustani. Umbo lenyewe analolisifu ni umbo la uadui. Kama majirani wale wangalipatana, minara ingalikuwa mifupi.

Wala uhasama wa Mani haukuwa fujo. Ulikuwa na kanuni zake. Ulitangazwa kabla ya kuanza. Ulisimamishwa kwa makubaliano wakati wa mavuno, ili watu wote wasife njaa. Wanawake kwa desturi hawakulengwa, na ndio waliopeleka chakula na risasi minarani. Mtu aliyehitaji kupita katika eneo la adui aliweza kusindikizwa na mtu ambaye pande zote mbili zilimstahi, na kumpiga risasi aliyesindikizwa kulikuwa ni kujipatia adui mpya. Vita vilikwisha kwa upande mmoja kuangamia, au kuhama, au kutoka bila ya silaha na kuomba msamaha hadharani.

Jambo hili lastahili kuzingatiwa, maana watu hudhani kwamba uovu ni ukosefu wa sheria. Mani yaonyesha kwamba uovu waweza kuwa na sheria, na adabu, na hata heshima. Kijana aliyevizia dirishani akamwua jirani yake hakuwa mhuni. Pengine alikuwa mwana mtiifu kuliko wote. Alitenda aliloamriwa na baba, alilolitazamia mama, na alilolisifu ukoo. Kisasi hakikuhitaji watu waovu ili kiendelee. Kilihitaji watu wema wasiouliza. Hilo ndilo fundisho zito la kwanza la minara, na msafiri aliyekwisha kuiita nchi hii nchi ya washenzi amekwisha kulikosa.

Mtetezi wa minara hana upungufu wa hoja. Husema kwamba bunduki ile ile iliyomwua jirani ndiyo iliyolinda uhuru. Na kweli, Mani haikutawaliwa na Waturuki kama zilivyotawaliwa nchi nyingine za Ugiriki; tangu mwaka 1776 ilikuwa na wakuu wake wenyewe, walioitwa mabei. Areopoli, mji ambao zamani uliitwa Tsimova na ambao jina lake la sasa latokana na Ares, mungu wa vita, hukumbukwa kwa tarehe 17 Machi 1821, siku ambayo watu wa Mani walianza vita vya uhuru. Siku sita baadaye Kalamata ilikuwa mikononi mwao. Mwaka 1826 jeshi la Ibrahim Pasha wa Misri liliposhuka katika ghuba ya Diros, lilipokewa na wanawake waliokuwa shambani, wakiwa na mundu mikononi mwao, na wanawake wale walishiriki katika kulirudisha baharini. Bila ya minara, asema mtetezi, pasingalikuwa na moyo ule.

Hoja hii ina nguvu, lakini imesahau mwaka mmoja. Mwaka 1819, kabla ya vita, koo kubwa za Mani, wakiwamo Mavromichalis, Grigorakis na Troupakis, zilitia sahihi mkataba wa kupatana ili kutumikia shabaha moja. Petros Mavromichalis, bei wa mwisho wa Mani, aliongoza watu waliokuwa wameweka kisasi chini. Kwa hiyo uhuru haukuzaliwa na uhasama. Ulizaliwa na siku ambayo uhasama ulinyamazishwa. Ushujaa ulikuwapo minarani miaka mingi, na miaka hiyo yote haukumletea mtu uhuru. Ulimletea jirani kifo. Kilichoongezeka mwaka 1821 si ujasiri, bali mapatano.

Na kama ushahidi huo hautoshi, uko mwingine katika mji wa Nafplio, ng'ambo ya milima. Ioannis Kapodistrias, mtawala wa kwanza wa dola huru ya Ugiriki, alijitahidi kuweka sheria moja juu ya koo zote. Alimfunga Petros Mavromichalis. Tarehe 27 Septemba 1831 kwa kalenda ya zamani, yaani tarehe 9 Oktoba kwa kalenda ya sasa, ndugu wa mfungwa, Konstantinos, na mwanawe, Georgios, walimvizia mtawala mlangoni pa kanisa la Mtakatifu Spyridon, wakamwua. Konstantinos aliuawa papo hapo. Georgios alihukumiwa akapigwa risasi. Katika ukuta wa kanisa lile wageni huonyeshwa mpaka leo alama ya risasi. Watu wa ukoo uliopigania dola ndio waliomwua mtawala wake, na kwa kanuni ya mnara walikuwa wametimiza wajibu. Mtu aliyelelewa kupima haki kwa ukoo hawezi kuipima kwa nchi mpaka ajifunze upya, na kujifunza upya kuna gharama. Mwaka 1834 askari wa Bavaria wa mfalme Otto, waliotumwa kuibomoa minara, walipata kipigo mbele yake. Na hata mwaka 1870, katika kijiji cha Kitta, ilihitajika nguvu ya jeshi na mizinga ili vita vya koo visimamishwe.

Gharama ya minara ililipwa na nani? Wanaume walilipa kwa maisha yao, na historia imeyaandika baadhi ya majina yao. Wanawake walilipa kwa namna nyingine, na hesabu yao haikuandikwa katika mawe bali katika mbolezi. Mani yajulikana kote Ugiriki kwa nyimbo za kuwalilia wafu, ambazo huitwa miroloyia. Mizani yake ni minane, na msomaji wa tenzi atatambua kwamba sikio la Mani na sikio la Lamu yalichagua kipimo kimoja. Mwombolezaji alimtaja marehemu, akataja ukoo wake na jeraha lake, na mara nyingi akamtaja mwuaji. Nadia Seremetakis, mwanaanthropolojia aliyeandika kitabu juu ya wanawake wa Mani ya Ndani mwaka 1991, alionyesha kwamba kilio kile hakikuwa machozi matupu. Kilikuwa baraza, mahali ambapo mwanamke alitoa hoja na kudai haki mbele ya watu. Lakini baraza hilo lilikuwa na mtego wake. Mama aliyekosa mahakama alikuwa na ulimi peke yake, na ulimi ule, ukimlilia mwana mmoja, mara nyingine ulimpeleka mwana wa pili katika kisasi. Aliyeumia kuliko wote alifanywa kuwa mchochea moto. Hapana sitiari inayoweza kueleza ubaya wa desturi ile kuliko jambo hili lenyewe.

Njia ikiendelea kusini hufika Vathia, kijiji cha minara juu ya kilima kinachoitazama bahari, na picha yake huonekana katika vitabu vingi vya wasafiri. Leo wakazi wake ni wachache mno. Wengine walikwenda Athens na Piraeus, wengine walivuka bahari. Katika karne ya 20 dola ya Ugiriki, kwa mkono wa shirika lake la utalii, ilitengeneza baadhi ya minara hiyo ikawa nyumba za wageni, na katika sehemu nyingine za Mani wenye mali wamefanya vivyo hivyo. Tundu lililopenyeza bunduki sasa hupenyeza upepo wa bahari, na mtu aliyelipa kodi ya usiku mmoja hulala mahali ambapo mtu mwingine alikesha akimngoja jirani yake ajitokeze. Mwenye kuchukia jambo hili asisahau kwamba mnara usiokaliwa huanguka, na kwamba mwenyeji anahitaji riziki. Hakuna aibu kuifanya ngome ya uhasama kuwa nyumba ya kupokea watu. Pengine hakuna mwisho mwema zaidi wa ngome. Aibu iko mahali pamoja tu: mgeni alale humo, aamke, alipe, aende zake, asijue alilala wapi.

Mwisho wa nchi ni Rasi ya Tainaro. Watu wa kale waliamini kwamba hapo uko mlango wa kuzimu, na kwamba Herakles aliingilia humo kumtoa mbwa Kerberos. Lakini pale pale, mbele ya mlango wa mauti, palikuwa na hekalu la Poseidon, mungu wa bahari, na hekalu hilo lilikuwa kimbilio: aliyekimbilia humo hakuguswa. Yasimuliwa na Thucydides kwamba Wasparta waliwahi kuwatoa Heloti, watumwa wao, waliokimbilia humo, wakawaua. Na tetemeko kubwa la ardhi lilipoipiga Sparta, yapata mwaka 464 kabla ya Kristo, wao wenyewe waliamini kwamba ni adhabu ya tendo lile. Leo hekalu halipo. Mawe yake yaliingia katika kanisa dogo, nalo kanisa limekuwa gofu. Gofu lile ni dogo, halina urefu, wala halipendezi katika picha kama Vathia. Hata hivyo ndilo jengo la maana kuliko yote ya nchi ile, kwa kuwa lakumbusha kwamba karne nyingi kabla ya minara, katika ardhi ile ile yenye mawe na kiu, watu walikwisha kupabuni mahali ambapo kisasi hakikuruhusiwa kuingia. Basi haiwezekani kusema kwamba ukali wa nchi uliwalazimisha watu kuuana. Nchi ilitoa mawe. Watu walichagua umbo.

Sasa sharti lililotafutwa laweza kutajwa. Waswahili husema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hii hudhaniwa kuwa ya kumpunguza mgeni mvivu, lakini ina maana ya juu zaidi: yasema kwamba ugeni una mwisho wake, na kwamba aliyekula chakula cha mahali huwiwa kazi ya mahali hapo. Siku mbili za kwanza jicho la msafiri na lile uzuri. Hakuna wa kulinyima. Siku ya tatu lipewe jembe. Kazi yake ni kuchimba chini ya kile lilichokisifu mpaka likute nani alikijenga, dhidi ya nani, na nani alilipa. Patrick Leigh Fermor, mwandishi wa Uingereza, alivuka Taygetos kwa miguu, na mwaka 1958 akatoa kitabu juu ya Mani ambacho kilisifu uzuri wa nchi bila ya kuzificha koo na visasi na mbolezi zake. Baadaye alijenga nyumba karibu na Kardamyli, akakaa humo miaka mingi, akafa mwaka 2011, na nyumba akaiachia Makumbusho ya Benaki ya Athens. Si kila msafiri aweza kujenga nyumba. Lakini kila msafiri aweza kukataa kuondoka akiwa mgeni yule yule aliyefika.

Kwa hiyo uzuri wa mnara haufuti damu, wala damu haifuti uzuri. Anayekataa kuutazama mnara huwanyima haki waashi walioupanga kwa ustadi, na huinyima akili yake ushahidi. Anayeutazama bila ya kuuliza huwaua waliouawa mara ya pili. Ni halali kuufurahia kwa sharti kwamba furaha ile ijue bei yake. Nayo methali ya yaliyopita si ndwele haikuishia hapo. Yaendelea kusema, tugange yajayo, na hakuna mganga aliyeganga ugonjwa ambao hakutaka kujua jina lake. Kaumu zote zimejenga minara ya namna yake, mingine ya mawe na mingine ya maneno, kila mmoja ukiongezwa ghorofa kwa sababu jirani ameongeza, na katika kila mmoja yumo kijana mtiifu dirishani. Mnara wa wengine huonekana toka mbali, kwa sababu umesimama juu ya kilima cha wengine. Wa nyumbani hauonekani kwa urahisi huo, kwa kuwa mtu huutazamia ulimwengu kutoka ndani yake.